Njia ya Wainka hadi Machu Picchu kwa siku nne: mwongozo kamili, kuanzia kibali hadi treni ya kurudi

Safari hii huharibikia mezani kabla ya kuharibikia mlimani. Anayerudishwa getini pale Piskacucho mara nyingi ana miguu mizima kabisa. Kilichomponza ni tarakimu moja ya pasipoti iliyoandikwa vibaya kwenye kibali. Na anayekata pumzi siku ya pili huenda ana mazoezi kuliko wenzake wote, ila alitua juzi Cusco, mji ulio juu milimani, na mwili wake haujazoea kimo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya hatua ya kwanza.

Njia yenyewe

Njia inayozungumziwa hapa ni ile ya siku nne na usiku tatu, kilomita zipatazo 42, kutoka Piskacucho hadi Machu Picchu, magofu ya mji wa kale nchini Peru. Piskacucho huitwa pia Kilomita 82, kwa kuhesabu reli inayotoka Cusco. Ni kipande kidogo cha Qhapaq Ñan, mtandao wa kilomita 30,000 hivi wa barabara za Wainka, watu waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Machu Picchu yenyewe iliingia mapema zaidi, mwaka 1983.

Unaanzia mita 2,700 hivi, unapanda hadi 4,215, unashuka, unapanda tena, unashuka, na mwisho unaingia mji uliojengwa mita 2,430 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu alishalala Horombo, mita 3,720, kwa hiyo kambi ya juu ya Pacaymayo (3,600) haitamtisha kwa kimo. Lakini asidharau. Kilimanjaro ni kupanda siku kadhaa na kushuka mara moja. Huku ni kupanda na kushuka kila siku, tena juu ya ngazi za mawe zilizotengenezwa bila kufikiria urefu wa mguu wako. Magoti ndiyo yanayolia, si mapafu peke yake.

Hatua ya kwanza: kibali

Huwezi kwenda mwenyewe. Serikali ya Peru inaruhusu watu 500 tu kwa siku kuingia njia hii, na hesabu hiyo inajumuisha wapagazi, wapishi na waongoza watalii. Watalii wenyewe ni kama 200. Kibali hutolewa kupitia kampuni yenye leseni ya njia hii, na kwa kawaida vibali vya mwaka unaofuata hufunguliwa mwezi Oktoba. Tarehe za Mei hadi Agosti ndizo zinazowahi kuisha, kwa hiyo anayetaka Juni atafute nafasi nusu mwaka au zaidi kabla. Februari njia hufungwa mwezi mzima kwa matengenezo, na ndio mwezi wa mvua kubwa.

Kibali kinabeba jina lako na namba ya pasipoti yako. Hakihamishwi kwa mtu mwingine, hakibadilishwi tarehe, na hela yake hairudi. Hapa ndipo Waafrika Mashariki wenye majina matatu wanapojikwaa. Andika majina kwa mpangilio uleule ulio kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, si kama unavyoitwa kazini au mtaani. Kisha:

1. Tuma kampuni picha ya ukurasa huo. Usiwaandikie namba kwenye ujumbe ili waiandike tena wao.
2. Wakishakata kibali, omba nakala yake na uilinganishe na pasipoti herufi kwa herufi. Angalia hasa O na 0.
3. Pasipoti ikiisha katikati ukapata mpya, waarifu mara moja, kisha safiri na zote mbili, ya zamani na mpya. Getini watataka kuona namba iliyo kwenye kibali.

Ukikosa nafasi, usinunue "kibali cha mtu aliyeghairi". Hakuna kitu kama hicho. Kuna njia fupi ya siku mbili inayoanzia Kilomita 104 na kupita magofu ya Wiñay Wayna. Nayo inahitaji kibali, ila nafasi hudumu zaidi. Kuna Salkantay, ambayo inavuka mahali pa juu zaidi ya mita 4,600 na haina kibali cha namna hii, lakini haikuingizi Machu Picchu kwa mguu kupitia Lango la Jua (mlango wa kale ulio juu ya mji), na tiketi ya kuingilia unakata kando. Salkantay ina milima mizuri kuliko njia ya Wainka; magofu yake njiani hayafui dafu.

Hatua ya pili: kuchagua kampuni

Bei za kundi kwa siku nne huanzia kama dola 700 na kupanda kuvuka 1,000. Kampuni zote zinapita njia ileile na kulala kambi zilizopangwa na mamlaka, hivyo tofauti ya bei inaonekana kwenye mambo matatu: chakula, vifaa, na jinsi wapagazi wanavyotendewa. La tatu ndilo la kuulizia zaidi.

Uliza maswali yenye jibu la namba. Mpagazi anabeba kilo ngapi? Sheria ya Peru inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mwanamume, pamoja na vitu vyake binafsi, na mizigo hupimwa kwenye mizani pale getini. Wapagazi wanalala wapi? Jibu zuri ni hema lao lenye sakafu, na magodoro. Jibu baya ni "kwenye hema la kulia", maana yake wanasubiri mmalize chai ya usiku ndipo walale. Kundi ni la watu wangapi? Kundi kubwa kabisa ni watalii 16, na wakizidi wanane lazima pawe na waongozaji wawili. Kundi dogo lina faida moja isiyosemwa kwenye matangazo: mtu mmoja akichelewa, hamkai nusu saa kwenye baridi mkimsubiri.

Uliza pia kambi ya usiku wa kwanza na wa tatu ni ipi. Kambi ya kwanza ikiwa juu ya kijiji cha Wayllabamba, mlima wa siku ya pili unapungua. Kambi ya tatu ikiwa Wiñay Wayna, asubuhi ya mwisho ni fupi.

Hatua ya tatu: viza, chanjo na afya

Ulizia viza ubalozi wa Peru unaohudumia nchi yako kabla hujalipa kampuni. Halafu tazama ndege inapita wapi. Ukipitia Marekani unahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja, na baadhi ya viwanja vya Ulaya navyo hudai viza ya kupita tu kwa baadhi ya pasipoti. Tiketi ya bei nafuu inayopita nchi usiyo na viza yake si nafuu.

Kadi ya njano ni lazima uwe nayo, hata kama Cusco na Machu Picchu zenyewe ziko juu mno kwa mbu wa homa ya manjano. Peru iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na wakati wa kurudi Kenya au Tanzania utaulizwa. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo usiiache hadi wiki ya mwisho.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo miongozo iliyoandikwa kwa Wazungu haiyataji. La kwanza ni malaria. Ukitoka kwenye eneo la malaria ukapata homa na kichwa ukiwa Cusco, daktari wa kule atafikiria kimo au mafua. Mwambie mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba umetoka nchi yenye malaria na unataka kupimwa. La pili ni selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande kimo hiki bila daktari wake kuridhia, na hata mwenye kurithi upande mmoja tu anapaswa kuzungumza na daktari, maana maumivu makali ya ubavu wa kushoto juu milimani yanaweza kuwa bandama.

Bima iandikwe waziwazi kwamba inagharamia kutembea milimani hadi angalau mita 4,500. Nyingi hukomea 3,000 na ukurasa wenyewe umeandikwa kwa herufi ndogo.

Hatua ya nne: kuzoea kimo

Lima iko baharini. Cusco iko mita 3,400. Ndege inakupandisha tofauti hiyo kwa muda usiozidi saa moja na nusu, na mwili hauna habari. Unahitaji usiku tatu, nne ni bora zaidi, kabla ya kuanza kutembea. Namna nzuri ya kuzipanga ni kwenda kinyume na wageni wengi: ukitua Cusco usilale Cusco. Panda gari mara moja ushuke Bonde Takatifu, Urubamba au Ollantaytambo, ambako ni chini ya mita 2,900. Ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili.

Siku ya kwanza lala, kunywa maji, tembea mtaani taratibu, usinywe pombe. Siku ya pili panda magofu ya Ollantaytambo. Juu kabisa kuna mawe sita makubwa yaliyosimamishwa bega kwa bega. Yalichongwa mlima wa ng'ambo ya mto, Kachiqata, yakashushwa, yakavushwa maji na kupandishwa tena. Kaa pale uangalie ng'ambo hadi uone machimbo, ndipo utaelewa unachokitazama. Siku ya tatu zunguka Pisac, au Moray na Chinchero, kisha jioni ulale Cusco. Siku ya nne ni ya Sacsayhuamán, juu tu ya mji, ambako jiwe kubwa kuliko yote lina zaidi ya tani 100. Magofu haya karibu yote yanaingiliwa kwa tiketi moja ya pamoja, Boleto Turístico, ya siku 10. Jioni hiyo kampuni itawaita kikao. Siku ya tano mnaanza safari.

Dalili za ugonjwa wa kimo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na usingizi wa kukatikakatika. Zikiwa nyepesi, kaa hapohapo ulipo, usipande. Zikizidi, shuka. Mtu anayeyumba kama mlevi, anayeshindwa kupiga hatua kwenye mstari mnyoofu, au anayehema akiwa amekaa na kukohoa povu, huyo hasubiri kupambazuke: anashushwa wakati huohuo.

Dawa ya acetazolamide, inayojulikana zaidi kama Diamox, husaidia mwili kuzoea haraka. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakupeleka haja ndogo mara kwa mara na vidole vitawashawasha kama vimekufa ganzi. Hiyo ni kawaida. Kama Septrin au Fansidar zilishawahi kukudhuru, mwambie daktari kabla hajakuandikia, kwa sababu ni dawa za ukoo unaokaribiana.

Chai ya majani ya koka utapewa kila hoteli. Ni halali Peru, inachangamsha kidogo, haitibu ugonjwa wa kimo. Kama kazini kwenu kuna upimaji wa dawa za kulevya, iache: inaonekana kwenye kipimo.

Hatua ya tano: mzigo

Kampuni nyingi hukupa begi la kitambaa litakalobebwa na mpagazi, kikomo kilo 7. Usidanganyike na hiyo namba. Begi la kulalia ni kilo moja na nusu hadi mbili, godoro la kupulizia karibu kilo nyingine. Vyako vinabaki kilo nne, na nne ni kidogo.

Begi la kulalia liwe la kustahimili nyuzi 10 chini ya sifuri. Juni na Julai ni kiangazi huko kwa maana ya ukavu, lakini ni kipupwe: mchana jua linachoma, usiku Pacaymayo maji ya chupa yanaweza kuganda. Novemba hadi Machi ni joto zaidi na mvua za mara kwa mara. Aprili, Mei na Septemba ndiyo miezi ya kati.

Begi la mgongoni unalibeba mwenyewe, na ndani yake kuwe na kila utakachohitaji mchana, kwa sababu mpagazi yuko mbele na hutamwona hadi kambini:

- maji lita mbili, kwenye chupa za kujaza tena (chupa za plastiki za kutupwa hazitakiwi)
- koti la mvua refu linalofunika na begi, hata kiangazi
- sweta nzito, glovu, kofia ya sufu, na kofia ya jua
- tochi ya kichwa yenye betri mpya
- mafuta ya kujikinga na jua; ngozi nyeusi nayo huungua kwenye kimo hiki, na midomo hupasuka
- karatasi za chooni na dawa ya kusafishia mikono
- pasipoti halisi, si nakala, ndani ya mfuko wa plastiki
- noti ndogondogo za soli, hela ya Peru

Fimbo za kutembelea ziwe mbili na ziwe na vifuniko vya mpira, kwani ncha za chuma haziruhusiwi juu ya mawe ya Wainka. Mtu asiyetumia fimbo nyumbani atazishukuru siku ya tatu. Buti ziwe umeshazivaa kilomita 50 angalau. Kununua buti mpya Cusco ni kununua malengelenge.

Mazoezi? Wiki nane za kupanda na kushuka ngazi za jengo refu mara tatu kwa wiki, ukiwa na kilo tano mgongoni. Kushuka usikuache, wengi hufanya mazoezi ya kupanda halafu wakatumia lifti kurudi chini.

Siku ya kwanza: Piskacucho hadi Wayllabamba

Gari litakuchukua alfajiri. Zingatia saa: Peru iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nane, tena "a las cinco" ya mwongozaji ni saa tano ya kizungu, yaani saa kumi na moja alfajiri yetu. Kuna watu wamesubiriwa kwa sababu hiyo tu. Humu saa zote zimeandikwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

Getini pasipoti inalinganishwa na kibali, wapagazi wanapimiwa mizigo, mnavuka daraja la Mto Urubamba. Kilomita 12 hivi, njia si ngumu, jua kali. Baada ya muda mtatazama kutoka juu magofu ya Patallacta: nyumba nyingi, na mbele yake matuta yanayofuata kona ya mto kama matuta ya Usambara, ila haya yamejengewa kuta za mawe. Yalikuwa mashamba ya mahindi. Ukikariri hilo utaelewa njia yote: huku chini palilishwa, kule juu palisaliwa.

Njiani kuna wenyeji wanaouza maji na soda. Wapo siku ya kwanza, wachache asubuhi ya pili, baadaye hakuna duka kabisa hadi mwisho. Kosa la siku hii ni kukimbia. Njia ni rahisi, kundi bado halijajuana, kila mtu anataka kuonekana mzima. Tembea kwa mwendo unaoweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata.

Siku ya pili: Warmiwañusca

Hii ndiyo siku inayoogopwa. Kutoka Wayllabamba (mita 3,000 hivi) unapanda mita 1,200 bila kupumzika penye tambarare, unapita msitu wa miti yenye magome yanayobanduka kama karatasi, unatokea uwanda wa Llulluchapampa (3,800), kisha unaona Warmiwañusca, kipito chenyewe cha kuvukia mlima, mbele yako kwa saa mbili nzima kabla hujakifikia. Jina lake kwa Kikechua ni "mwanamke aliyekufa", kwa kuwa safu ya mlima ikitazamwa kutoka bondeni inafanana na mwanamke aliyelala chali.

Jinsi ya kupanda: hatua fupi, mguu mzima ukanyage jiwe, pumua kwa kila hatua. Ule "pole pole" wa Kilimanjaro unafaa vilevile. Ni afadhali kutembea taratibu dakika 40 na kusimama mbili kuliko kukimbia kumi na kuketi kumi. Ukiketi mwili unapoa na moyo unaanza upya. Kula kidogo kila saa hata kama huna hamu. Jasho likianza, punguza nguo. Ukikaribia kileleni vaa sweta *kabla* ya kufika, kwa sababu pale juu upepo hauna adabu na mikono iliyolowa haifungi zipu.

Piga picha, usikae zaidi ya robo saa, shuka. Mteremko wa Pacaymayo ni mita 600 za ngazi. Fimbo zirefushe kidogo, zitangulize mbele, shuka kwa upande ngazi ikiwa ndefu. Anayeamua kurudi, aamue kabla ya kipito. Upande wa pili hakuna njia ya mkato, wanyama wa mizigo hawaruhusiwi, na aliyeumia hubebwa mgongoni na watu.

Siku ya tatu: siku ya magofu

Matangazo yote yanaimba siku ya nne. Kwa maoni yetu, siku ya tatu ndiyo safari yenyewe, na ndiyo inayopitwa haraka na watu waliochoka jana. Kilomita 16 hivi, saa nane au zaidi.

Asubuhi mnapanda hadi Runkurakay, jengo la mviringo linalotazama bonde zima. Huenda hapo mjumbe au mlinzi aliona kila anayekuja. Kisha kipito cha pili, mita 3,950 hivi. Kuanzia hapo mawe ya njia mengi ni yaleyale yaliyowekwa na Wainka, si ya ukarabati. Angalia jinsi njia ilivyoning'inizwa kwenye ubavu wa mlima kwa ukuta chini yake, na mifereji midogo ya kupitisha maji ili yasiisombe. Zaidi ya miaka 500, na mvua za huko si mchezo.

Sayacmarca inafikiwa kwa ngazi nyembamba za pembeni. Ni za hiari, na wengine hukaa chini wakipumzika. Wasikae. Mji umejengwa juu ya ncha ya mwamba, pande tatu ni shimo. Hapo jifunze kusoma kuta: jiwe lililochongwa hadi likabanana na jirani yake bila udongo ni la hekalu au la mkubwa, mawe ya kuokota yaliyoshikizwa kwa udongo ni ya ghala na nyumba za watu. Milango yote ni mipana chini na myembamba juu, na kuta zimeegemea ndani kidogo. Ndiyo sababu zimesimama kwenye nchi ya matetemeko.

Mbele kuna pango lililochimbwa ndani ya mwamba na kukatwa ngazi humohumo, halafu Phuyupatamarca, "mji juu ya mawingu", wenye mabirika ya maji yaliyopangwa moja chini ya jingine, na maji bado yanatiririka. Kutoka hapo ni mteremko wa mita 1,000 hadi Wiñay Wayna. Hapa ndipo magoti huharibika, na sababu ni moja: watu wananusa kambi na kuongeza mwendo. Mawe yana ukungu, mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Mtu asiyekuwa na haraka hushuka kwa saa tatu bila maumivu.

Fika Wiñay Wayna kabla ya giza, weka begi, kisha nenda magofuni. Ni dakika chache tu kutoka kambini. Jina lina maana ya "kijana daima", na ni la okidi inayoota hapo. Matuta yamejipinda kama sikio, na katikati mabirika yanashuka kutoka nyumba za juu hadi za chini. Jioni huwa hakuna watu. Machu Picchu hutapata utulivu huo.

Bakshishi hutolewa usiku huu, siyo kesho, maana wapagazi wataondoka kabla yako. Kundi lichange, mpeane mkononi mbele ya wote, mpishi na wapagazi kila mmoja chake. Kiasi kinachofaa mjadili kwenye kikao cha Cusco. "Sulpayki" ni asante kwa Kikechua, iseme.

Siku ya nne: Lango la Jua

Mtaamshwa saa tisa usiku, na wengi hudhani ni kwa ajili ya kuwahi macheo. Sababu halisi ni treni: wapagazi lazima wakunje mahema na kuwahi behewa lao la asubuhi. Kizuizi cha ukaguzi njiani kinafunguliwa saa 11 na nusu, kwa hiyo mtakaa foleni gizani. Vaa kila kitu, kaa juu ya begi, kunywa chai.

Kikifunguliwa watu hukimbia. Usikimbie. Upande mmoja ni bonde na njia haina ukingo. Ni kilomita tano hivi, na karibu na mwisho kuna ngazi kali za kupandwa kwa mikono na miguu. Inti Punku, yaani Lango la Jua, iko mita 2,720. Ukikuta ukungu, subiri nusu saa, mara nyingi hupasuka. Kutoka hapo ni karibu saa moja ya kuteremka hadi mjini.

Mambo ya kujua ndani ya Machu Picchu: hakuna choo ndani, kipo nje ya geti. Begi linalozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20 linaachwa kwenye stoo ya mlangoni. Droni ni marufuku. Wageni hupitishwa kwenye mizunguko maalumu ya upande mmoja, huwezi kurudi nyuma, na kila mzunguko una majengo yake. Kwa hiyo muulize mwongozaji tangu Cusco mtapita mzunguko upi, na kama unahusisha Hekalu la Jua na jiwe la Intihuatana. Ukitaka kupanda Huayna Picchu, kilima kilicho nyuma ya mji, tiketi yake ni ya kando na inawahi kuisha.

Kurudi

Aguas Calientes, mji ulio chini, hauna barabara ya kutoka nje. Mnateremka kwa basi kama nusu saa, mnakula, mnapanda treni ya alasiri hadi Ollantaytambo, kisha gari hadi Cusco, ambako mtafika usiku. Usikate tiketi ya ndege ya kesho yake asubuhi kwenda nje ya nchi. Mvua na maporomoko husimamisha reli, na migomo pia. Acha siku moja kamili katikati.

Kabla ya kufunga begi Cusco, pekua mifuko ya koti. Majani ya koka uliyopewa njiani husahaulika humo, na nje ya Peru na majirani zake wachache ni dawa ya kulevya kwa sheria. Kadi ya njano ihamishie begi la mkononi, pamoja na pasipoti.